Samaki Kumi na Wawili kutoka Uvira

Bukavu, Muhumba
9 Machi 1999

Shemeji Anaclet,

Hapa nyumbani tuko wazima, mimi, dada yako Adélaïde na mutoto wetu Élodie. Nasema sisi watu. Samaki wako ni habari nyingine. Ulinitumia kumi na wawili, leo wamebaki watano, na ninaomba unieleze ulinitumia nini.

Nikukumbushe nilivyowapokea, usije ukasema nilifanya uzembe. Lile sanduku la kioo, aquarium aliyoniachia bosi wangu Mbelgiji alipokimbia Agosti iliyopita, nililisugua mpaka likang'aa kuliko kikombe cha padri. Mchanga niliuosha mara tano. Mawe niliyachemsha katika sufuria ya maharagwe, Adélaïde akaninunia siku mbili. Jumamosi ile Abbé Stanislas aliposhuka kwenye jeep yake na mifuko yako ya plastiki, nilijaza maji safi ya bomba mbele ya macho yake, na kabla hajamaliza chai, samaki walikuwa ndani. Alipiga makofi, padri mzima.

Jumatatu wa kwanza alikuwa amelala ubavu. Jumatano wawili. Wanapanda juu, wanafungua midomo kama watu wenye pumu, matamvua yanakuwa mekundu, halafu basi. Kila anapokufa mmoja ninamwaga maji yote, ninasugua kila kitu na kujaza mapya. Chakula hawakosi: mkate, fufu, dagaa wa sambaza wa kusaga, mara nne kwa siku. Hakuna atakayesema nyumba ya Polycarpe iliua samaki kwa njaa.

Unajua kwa nini nililitaka sanduku hili. Ofisi yetu imefungwa. Shule ya Élodie leo wazi, kesho hapana. Barabarani kila mwenye bunduki ananiuliza mimi ni nani. Nilitaka kitu kimoja ndani ya nyumba yangu kiende sawasawa. Sasa mutoto anaamka asubuhi kuhesabu maiti. Ulituma samaki wagonjwa, shemeji. Kama ulikuwa unasafisha mabwawa yako, ungeniambia.

Polycarpe


Uvira
16 Machi 1999

Shemeji Polycarpe,

Dereva atakayekuletea barua hii anapiga honi mlangoni, kwa hiyo sitaremba.

Samaki wangu si wagonjwa. Nina miaka kumi na minne katika kazi hii ya kuchunguza samaki. Wale wa manjano wenye mistari myeusi nimewalea kwa mikono yangu tangu ndege za kuwapeleka Ulaya zilipokoma. Ndugu zao mia tatu wako nyuma yangu hapa, wanakula, wanapigana, wanazaa. Niliwatoa kwa ajili ya Élodie. Sikuwatoa ili nitukanwe.

Samaki mzima hafi bure. Akipanda juu kutafuta pumzi na matamvua mekundu, ujue anaunguzwa. Maana yake kuna kitu kinatiwa ndani ya maji yenu. Chunguza nyumbani mwako. Angalia ni mkono wa nani unaingia mule.

Mengine baadaye, dereva anaondoka.

Anaclet


Bukavu, Muhumba
28 Machi 1999

Shemeji Anaclet,

Ulisema kweli, na ninayarudisha maneno yangu juu ya samaki wako.

Barua yako niliwasomea watu wote wa nyumba, pamoja na jirani yetu Mama Bibiane na mume wake waliokuja kusali rozari. Niliisoma mara mbili ili kila mtu asikie neno la msomi. Uliniambia niangalie mkono, nikaangalia. Jumatano nilirudi kutoka mjini mapema kuliko kawaida, nikauona: mkono ndani ya maji mpaka kiwiko, na tope jeusi likishuka kati ya vidole.

Nilikimbia kuwaokoa wanne waliokuwa wamebaki. Nilimwaga maji yote, safari hii nikasugua kioo, mchanga na mawe kwa sabuni ya unga ili nitoe hata harufu ya lile tope, nikawarudisha. Kabla jua halijazama wote wanne walikuwa wamekufa. Hapo ndipo nilipojua kilichotiwa kilikuwa na nguvu gani.

Jambo limekwisha. Nimelitatua kama baba wa nyumba. Adélaïde anakusalimu.

Polycarpe


Uvira
10 Aprili 1999

Shemeji Polycarpe,

Nimefurahi tumepatana. Kitu kimoja sikukielewa: tope lilitoka wapi? Na kingine: uliandika sabuni ya unga. Sabuni, shemeji, ndani ya nyumba ya samaki? Niandikie yote pole pole, bila kuruka kitu, maana hapo naona hesabu haikubali. Usimlaumu mtu kabla sijakujibu.

Abbé Stanislas ameniambia mama mudogo Françoise alitoroka vita vya Bunyakiri, na sasa anakaa kwenu. Nilishukuru Mungu. Nisalimie sana, umwambie nitakuja kumwona njia ikifunguka.

Anaclet


Bukavu, Muhumba
19 Aprili 1999

Anaclet ndugu yangu,

Nimeifungua mimi barua uliyomwandikia mume wangu, na sitaomba radhi. Unataka tumsalimie mama mudogo. Tumsalimie wapi?

Polycarpe hakukuandikia ule mkono ulikuwa wa nani. Ulikuwa wa mama mudogo. Mdogo wa marehemu mama yetu, aliyekubeba mgongoni ukiwa na surua. Alitufikia Januari, ametembea siku tisa msituni, miguu imevimba kama mihogo. Na wewe, kwa mistari minne ya haraka, ulimpa Polycarpe fimbo ya kumpigia.

Sikiliza ilivyokuwa. Siku samaki wa mwisho walipokufa, Polycarpe alimwita sebuleni. Mama Bibiane alikuwa amekuja tena, na mume wake. Polycarpe alimwambia, "Mama, nilikuona." Mama akafungua mdomo ajibu, Polycarpe akamkata. "Nyamaza. Msomi amekwisha sema." Alikuwa ameshika barua yako mkononi kama hati ya tribunali.

Ndipo Mama Bibiane akalitamka lile neno, karuho, sumu ya kulishwa kwa siri. Unajua mji huu. Neno la sumu likishatamkwa, hakuna anayeomba ushahidi. Kesho yake lilikuwa limefika kwenye bomba, kesho kutwa kwenye misa. Wanawake waliwavuta watoto wao mama alipopita. Wengine waliongeza kwamba aliyetoka Bunyakiri ametumwa na wapiganaji wa msituni, jambo ambalo askari wakilisikia halina mwisho mzuri. Jumapili wanaume wawili nisiowajua walisimama kwenye geti. "Ule mama wa Bunyakiri iko wapi?" Niliwaambia hayupo. Yeye alikuwa nyuma ya mlango, anasikia. Alifunga kitenge chake, akachukua beseni lake, akatoka kwa njia ya shamba la migomba. Amefikia Cimpunda, kwa mwalimu mmoja anaitwa Lucie waliyejuana kanisani.

Na mimi nilikuwa wapi siku ile ya sebuleni? Nilikuwa jikoni, ninakoroga fufu iliyokwisha kuiva. Hiyo nitaijibu mwenyewe mbele ya Mungu.

Jana Élodie aliniambia lile tope walilitoa pamoja, yeye na koko wake, mama mudogo, kwenye bwawa la zamani la masista, wakalileta katika kopo la maziwa. Koko alimwambia, "Hii ndiyo itaponyesha samaki." Nilimuuliza mutoto kwa nini hakusema mbele ya watu. Akajibu, "Papa alisema watu wanyamaze."

Wewe njo ulisoma. Sema basi.

Adélaïde


Uvira
27 Aprili 1999

Polycarpe,

Leo sikuiti shemeji. Nilitaka kukuita kwa phonie ya misheni, lakini ile redio inasikiwa na kila mtu toka hapa mpaka Goma, na jina la mama mudogo limetembea vya kutosha.

Dada yangu ameniandikia yale uliyoruka. Sasa nitakuambia nani aliua samaki, na nitaandika kwa herufi kubwa kubwa usije ukakosea kusoma.

Maji ya bomba yanatiwa dawa ya kuua wadudu wa kipindupindu. Mtu haimdhuru. Samaki inamuunguza matamvua. Maji yangekaa siku mbili katika ndoo isiyofunikwa, dawa ingetoka yenyewe. Wewe uliwatia samaki kabla padri hajamaliza chai, na ukarudia kila alipokufa mmoja. Hilo nilipaswa kukuonya tangu mwanzo. Kosa hilo ni langu.

Halafu samaki anakojoa ndani ya maji yaleyale anayopumua. Mkojo wake, na ule mkate wako wa mara nne kwa siku unaooza chini, vinageuka sumu isiyo na rangi wala harufu. Katika maji yaliyozoea kukaa, kuna vijidudu vidogo visivyoonekana, vimeshika kwenye mchanga na mawe, vinaila ile sumu. Vinataka wiki nyingi kuzaana. Wewe mawe uliyachemsha. Vilipojaribu kuanza, ulivisugua. Uchafu ulioukimbia ndio uliokuwa mlinzi wa samaki wako.

Vijidudu hivyo vinajaa katika tope jeusi la bwawa la zamani. Laiti ungeniuliza, ningekuambia utafute konzi moja ya tope hilo. Mama mudogo alilitafuta bila kuambiwa na mtu. Wale wanne wa mwisho waliuawa na sabuni yako.

Na niseme langu. Niliandika "mkono wa nani" nikifikiria mikono yenye mafuta ya kujipaka, au povu la kufulia. Niliandika vibaya, kwa kiburi, kwa sababu ulikuwa umenigusa kwenye kazi yangu. Ninayafuta maneno hayo.

Soma barua hii kwa sauti, mbele ya watu walewale, mara mbili, kama ulivyosoma ile.

Anaclet


Bukavu, Muhumba
8 Mei 1999

Anaclet,

Barua yako nimeisoma peke yangu, na itabaki hivyo.

Unaniandikia kama mwanafunzi aliyeshindwa mtihani. Nani aliandika neno "mkono"? Nilikuwa na barua ya msomi, nilikuwa na macho yangu, nilikuwa na samaki waliokufa. Wewe ungefanya nini? Usinijibu, najua, ungefanya vizuri zaidi. Uko Uvira.

Sikumfukuza mtu. Sikutamka karuho, Mama Bibiane alilitamka. Mama alitoka mwenyewe. Akitaka kurudi, mlango uko wazi, na sitamuuliza kitu. Lakini usiniambie nisimame mbele ya majirani na kujivua nguo. Kazi sina tena. Askari walichukua moto yangu, ile pikipiki, mchana, nikiwaangalia, nikawaambia asante. Limebaki neno langu tu katika kartie hii, mtaa huu wa Muhumba, na wewe unataka nilitupe kwa ajili ya samaki.

Polycarpe


Cimpunda
20 Mei 1999

Mutoto wangu Anaclet,

Mimi ninasema, Lucie anaandika. Nimemuambia asirekebishe maneno yangu.

Barua uliyonitumia na Abbé Stanislas nimeipata. Umelia sana ndani. Sawa. Lakini mimi niko na hasira, na nataka uisikie yote.

Siku samaki walifika, nilimuambia Polycarpe, "Papa Élodie, bwawa mupya haitiwe samaki siku moja. Acha maji ilale, izoee." Alicheka. Aliniambia, "Mama, hii si shimo ya Bunyakiri." Nikanyamaza, nyumba si yangu. Miaka makumi mbili mimi na marehemu bwana yangu tulichunga samaki. Mabwawa tatu tulichimba kwa jembe. Ukimaliza kuchimba unatia majani, unatia mavi ya mbuzi, unangoja mpaka maji iwe kijani, na unaleta tope kidogo ya bwawa ya zamani. Njo samaki wanaingia. Hata mutoto wa kule anajua. Askari walikuja wakatupa grenade ndani ya mabwawa yote tatu, wakaokota walichotaka, wakaenda. Nilitoka kule bila kitu, ila ile akili ya samaki. Nikaileta ndani ya nyumba ya mutoto wa dada yangu, na hiyo njo waliita sumu.

Polycarpe anasema mlango iko wazi. Hata siku nilitoka ilikuwa wazi.

Hapa pia jina langu imefika. Ku bomba, wanawake wawili hawachote maji kama mimi nimetangulia. Mmoja aliosha robinet, kinywa ya bomba, mbele yangu kwa majivu. Lucie amepigana nao kwa maneno, lakini Lucie ni mumoja.

Na wewe. Ulisoma mpaka Ubelgiji, na uliandika "angalia." Polycarpe akaangalia, Bibiane akaangalia, kartie nzima ikaangalia. Ungeandika "uliza," ningejibu, na ningekuwa ninalala kwa Adélaïde mpaka leo. Hakuna mutu hata mumoja aliniuliza. Mutoto mudogo peke yake aliuliza, na yeye walimunyamazisha.

Sirudi Muhumba. Polycarpe akiwa na neno, alilete hapa Cimpunda, siku ya shirika, wakati wakristo wa hapa wanakusanyika kusali, mbele ya wale wanaoosha robinet.

Mama mudogo wako,
Françoise


Bukavu, Muhumba
14 Juni 1999

Anaclet ndugu yangu,

Polycarpe alikwenda. Nakuandikia upesi kwa sababu Abbé Stanislas anashuka Uvira kesho, na kwa sababu nikingoja nitaanza kuirembesha.

Si barua yako iliyompeleka, wala maneno yangu, na nilimwambia mengi. Alhamisi wanaume watatu walifika kwa Lucie wakimtafuta mama mudogo. Lucie aliwazuia mlangoni, akawauliza wameambiwa na nani kwamba mama ni muuaji. Wakajibu, "Polycarpe wa Muhumba mwenyewe alimuona." Akawauliza kama wanamjua huyo Polycarpe. Hawakumjua, hata sura. Lucie alikuja mpaka hapa, akamweleza mume wangu hayo neno kwa neno, akiwa amesimama, amekataa kiti. Polycarpe alisema, "Wangeua kwa jina langu." Tangu hapo hakula vizuri mpaka jana Jumapili.

Tulipanda kwa miguu, yeye, mimi na Élodie, vumbi la kiangazi mpaka magotini. Watu wa shirika walikuwa wamekaa uani kwa Lucie, karibu arobaini. Mama mudogo alikuwa kwenye mkeka pembeni, na pande zote mbili zake nafasi tupu. Polycarpe alitoa barua yako mfukoni, akaanza kuisoma. Alisoma ya dawa ya maji, akasoma ya vijidudu. Alipofika kwenye sabuni aliacha kusoma. Akaikunja karatasi.

"Mimi njo niliua samaki," alisema. "Huyu mama alikuwa anawaponyesha. Nilimuita muuaji mbele ya watu, na sikumuuliza hata neno moja. Kama kuna mutu amesikia jina langu katika habari hii, akaseme alikosikia kwamba nilisema uongo."

Mwanamke mmoja, baadaye niliambiwa ndiye aliyeosha robinet kwa majivu, aliuliza, "Papa, na kama wale wanaume hawangefika Alhamisi, leo ungekuja?"

Polycarpe alimtazama, kisha akatazama chini. "Sijui," alisema. Kwa mara ya kwanza tangu vita ianze nilimsikia mume wangu akisema hajui kitu.

Mama mudogo hakulia, hakukumbatia mtu. Alimuuliza, "Umemaliza?"

"Nimemaliza, mama."

"Basi keti. Sala haijaisha."

Baada ya sala Lucie alileta kasiksi, ile pombe ya ndizi, kwenye ndoo. Mama mudogo alisimama, akachota kikombe kimoja, akakipeleka mwenyewe kwa Polycarpe kwa mikono miwili. Unajua desturi yetu, anayekupa pombe anaonja kwanza, ili ujue haina kitu. Yeye hakuonja. Alimnyooshea kikombe kimejaa mpaka ukingoni, akangoja. Élodie alinishika kitenge.

Polycarpe alikipokea. Pombe kidogo ilimwagikia viatu vyake vya misa. Alikunywa bila kupumzika, mpaka chini kabisa, kisha akakigeuza kikombe watu waone.

"Sasa mwende kwenu," mama mudogo alisema. "Njia ni ndefu, na mutoto amechoka."

Akakipokea kikombe, akachota tena, akampelekea yule wa majivu.

Adélaïde